Watoto wetu wacheze na herufi mbele ya kupewa kalamu

Ndugu wachimbaji, mama na baba wa kambi, leo sitaongea juu ya mishahara wala juu ya masaa ya ziada. Hayo tunayaongea kila siku na tutaendelea kuyaongea. Leo nataka tuongee juu ya watoto wetu wadogo, wale wa miaka 3 mpaka 6, na mlango gani wanapitia kuingia mu kusoma na kuandika. Kuna mwenye atasema hii si kazi ya sendika. Njo kazi yake kabisa, na nitaeleza sababu.

Kila delege wa sendika anajua ile siku ya kusaini. Kompanyi ndogo inaleta mkataba wa miezi mitatu, karatasi tano za Kifaransa, na mkubwa wa kazi anasimama pale: «Saini haraka, wengine wanangoja.» Mwenye kusoma anasoma mistari miwili, anaaibika kuuliza, anasaini. Mwenye hasomi anaweka kidole. Mwezi ukiisha, karatasi ya malipo inakuja na makato ambayo hakuna mtu anayaelewa, na wanakuja kwetu: «Delege, utusomee.» Tunasoma. Lakini imeshasainiwa.

Ku wachimbaji wa mikono ni mbaya zaidi. Muende Musompo, pale karibu na Kolwezi, kwenye madepo ya kununua madini. Mtu ametoka chini ya ardhi na mifuko yake, mnunuzi anaweka mashine ile tunaita Metorex juu ya jiwe, namba inaonekana, na ile namba njo inasema atakula nini. Malalamiko juu ya mizani na juu ya ile mashine ni ya zamani. Mwenye hajui kusoma namba na karatasi, atabishana na nini? Na makelele tu.

Sasa tufuate ile njia kurudi nyuma. Huyu mtu alianza wapi kukosa? Kwa wengi, hapana ku secondaire. Alikosa ku mwaka wa kwanza na wa pili wa primaire. Mtoto ambaye anafika mwaka wa tatu na bado hajafungua kusoma, kila asubuhi masomo inakuwa kama malipizi kwake. Anakaa nyuma, anachekwa, anapigwa, kisha anaanza kupotea mu njia. Na kwetu, tofauti na mahali pengine, mwenye kupotea mu njia ana mahali pa kwenda: carrière iko karibu, na mtoni kunaoshwa mawe, na kuna mtu anamlipa mtoto franga kidogo kwa kuokota. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inakataza. Code ya madini ya 2018 nayo. Lakini sheria haiendi kumkamata mtoto mkono na kumrudisha mu darasa lenye yeye haelewi kitu. Mnikubalie hii: vita ya kuondoa watoto mu carrière inaanza mbele ya mtoto kufika darasani, wakati yuko na miaka 4 na anacheza mu potopoto ya lupango.

Mimi mbele ya kuingia mu mine nilisoma pédagogie ku secondaire. Sikufundisha hata mwaka mmoja, njaa ilinisukuma kwengine, lakini kitu kimoja kilibaki mu kichwa: mtoto mdogo anafundishwa na mikono yake, na miguu yake, na masikio yake. Macho na kalamu vinakuja nyuma. Muangalie sasa namna tunafanya. Mtoto wa miaka 4 anapelekwa ku materneli ya kulipa, anakalishwa, anapewa kaye na kalamu, anaambiwa aandike «i» mara hamsini, kisha aseme shairi ya Kifaransa mbele ya wageni. Baba anafurahi: «Mutoto wangu anajua Kifaransa!» Ukimuuliza ule mtoto maneno ya ile shairi inasema nini, kimya. Amemeza sauti kama kasuku. Vidole vyake bado ni laini kwa kalamu, masikio yake bado hayajatenga sauti, na lugha yenyewe si ile ya mama yake.

Nilisikia mama mmoja akimwambia mwalimu: «Mutoto wangu nalipia minervali asome, hapana acheze. Kucheza atacheza ku nyumba bure.» Ninamuelewa. Feza ni ngumu. Lakini kumbe ku nyumba nako, akicheza, tunamfukuza: «Wacha michezo, kamata kaye!» Basi mtoto anafundishwa saa ngapi ile kitu ya mtoto?

Ngoja nitoe mfano wa mbali kidogo, juu ya ile unatuhusu sisi watu wa kazi. Mwaka 1907, Roma, mu kipande cha San Lorenzo, kipande cha masikini, baba na mama wote walikuwa wanaenda kazi na watoto wadogo walibaki mu majengo, wanachafua kuta na kuharibu ngazi. Wenye majengo walitafuta mtu wa kuwachunga. Walimpata daktari mmoja mwanamke, Maria Montessori. Hakuwapa watoto kaye. Alikata herufi mu karatasi ya msasa, akazibandika juu ya mbao, na watoto walizifuata na kidole huku wakisema sauti yake. Mikono ilishika umbo la herufi mbele ya kalamu. Nyuma ya miezi, watoto wa miaka 4 na 5 walianza kuandika maneno wenyewe, na chaki, chini na ku kuta. Wale hawakuwa watoto wa mabwana. Walikuwa watoto wa wafanyakazi kama wetu, na ile kazi ya msasa na mbao hata fundi wa mbao wa kambi yetu anaiweza mu nusu siku.

Lakini hatuna hata lazima ya msasa. Tuna vyetu.

Tuanze na masikio, sababu njo mwanzo wa yote na haiombi hata franga moja. Mama anatwanga sombe. Mtoto yuko pembeni. Kila pigo la mchi, kipande kimoja cha neno: so-mbe, mapigo mawili. Bu-ka-ri, matatu. Ko-lwe-zi, matatu. Lu-bu-mba-shi, mane. Kisha jina lake, kisha jina la mjomba lenye ni refu, wacheke. Mtoto ambaye ameshakata maneno mia namna ile, siku mwalimu ataandika «bu» ku ubao, atajua ule mchoro unakaa mahali pa pigo gani. Mwenye hajawahi kusikia kwamba neno linakatika, ule ubao kwake ni michoro tu. Ku jioni, baba mwenye ametoka posti ya asubuhi, hata kama amechoka na amelala juu ya mkeka, anaweza kusema: «Nitafutie kitu mu nyumba kinaanza na mmm.» Mtoto anakimbia: meza, mama, mlango, mayai. Wewe unabaki umelala. Hakuna mchezo mzuri kwa mtu wa mine kupita ule.

Hapa Kiswahili chetu kinatusaidia sana, na wengi hawaoni ile bahati. Herufi «a» ni «a» kila mahali. Ba, be, bi, bo, bu. Ma, me, mi, mo, mu. Ukishajua zile sauti, unaweza kusoma neno lolote, hata lenye hujawahi kusikia. Kifaransa si hivyo: neno la maji, «eau», lina herufi tatu na hakuna hata moja inasikika kwa sauti yake. Mtoto mwenye kuanzia pale anafikiri kusoma ni uchawi wa kukariri. Mwenye kuanzia ku «maji», ma na ji, anaelewa kwamba kusoma ni kazi yenye ina akili ndani, na ile akili ataibeba mpaka ku Kifaransa. Wazazi wanaogopa: «Mkimfundisha Kiswahili atachelewa Kifaransa.» Hapana. Kusoma kunafunguka mara moja tu. Mlango ukishafunguka, lugha ya pili inaingia kupitia mlango ule ule. Na si mimi nimebuni: Katiba yetu, kifungu cha 1, inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa zifundishie mu masomo. Mwalimu mwenye anaeleza herufi mu Kiswahili hakosi sheria.

Tuje ku macho. Mtoto wa kwetu anaona nini kimeandikwa, kila siku? Mfuko wa unga. Sabuni. Kibao cha duka la simu. Na, tusidanganyane, chupa. Juu ya etiketi ya bia zetu za Lubumbashi kumeandikwa SIMBA na TEMBO, Kiswahili safi, herufi kubwa, na mnyama amechorwa ili asikosee. Si-mba. Te-mbo. Kata yale maneno mu vipande juu ya karatoni, mpe achanganye: si-mbo, te-mba, atacheka sababu hayana maana, na kwa kucheka ameshasoma. Kisha «mba» anaihamisha: ma-mba, nyu-mba. Lakini baba asije akasema anakunywa juu ya masomo ya mtoto.

Vifuniko vya chupa navyo ni vizuri. Osha, ponda kingo na nyundo ili visikate, andika herufi moja ndani ya kila kimoja na feutre. Vya a, e, i, o, u ni vya rangi moja, hao njo mama. Vingine ni watoto wanatafuta mama. Kila b anapashwa kupata mama wake, na wakipatana wanasema jina: ba, bi, bu. Watoto wa lupango nzima watakuja. Yule wa miaka 2 asikaribie, anameza.

Na motokari za waya! Hapa njo ninashangaa sisi wenyewe. Mtoto wa kambi wa miaka 8 anakunja waya, anatoa gari kamili na magurudumu yenye kugeuka na usukani mrefu wa kusukumia, bila mtu kumfundisha, na tunasema huyu mtoto hana akili ya masomo. Mkono wenye umekunja gari, unaweza kukunja S, unaweza kukunja B. Kila gari ina plake. Mwambie mdogo wake: gari yako haina plake, polisi wa roulage atakukamata, andika jina lako. Jina la mtoto njo neno la kwanza anataka kuandika duniani, na ku plake ya motokari ataliandika mara kumi bila kuchoka, wakati mu kaye angelia ku mara ya tatu. (Waya ya kuokota ama ya kununua. Siyo kabo ya kompanyi. Ku ile mambo sendika haitakutetea.)

Wasichana wanaruka mu vyumba wanachora chini. Mu kila chumba andika kipande: ma, ji, ko, ba, ka, la. Mtu anaita neno, mwingine anaruliruka: ma, ji! Ka, ka! Ko, ko! Ku nzango ni vile vile, wanapiga makofi na kuimba, badala ya namba wataje vipande vya majina yao. Na duka la kuchezea, lile la majani na mawe, mnapashwa kuliheshimu. Mtoto anakamata karatasi, anakwaruza mistari, anasema: «Mama Kasongo uko na deni ya sukari.» Usimwambie «hii si maandishi». Kwake ni maandishi. Ameshaelewa kitu kikubwa, kwamba alama ku karatasi inashika neno ili lisipotee. Herufi za kweli zitaingia kidogo kidogo mu zile alama. Mwenye anachekwa pale, anaacha.

Neno moja juu ya udongo, sababu watoto wanapenda kuumba. Udongo wa kichuguu ni mzuri, unashikana, mtoto anaumba herufi nene na anaianika jua. Vichuguu Katanga havikosi. Lakini si mchanga wa kando ya carrière, wala remblai, wala vumbi la mahali pa kuosha mawe. Mwaka 2018 wanasayansi wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitoa utafiti waliofanya Kasulo, ule mtaa wa Kolwezi watu walichimba mu malupango yao: kobalti ilikuwa mu vumbi ya nyumba na mu mwili wa watu, na mu watoto ilipita ya wakubwa. Basi mama, kabla ya mchezo uulize udongo umetoka wapi, na nyuma ya mchezo mikono ioshwe.

Wengine watasema: hii yote ni kazi ya mwalimu. Mimi siwezi kumtupia mwalimu jiwe. Tangu mwaka wa masomo wa 2019 serikali ilipoanza kutekeleza masomo ya bure ya primaire, yenye Katiba iliahidi tangu 2006, watoto wengi waliingia, na ile ni furaha. Lakini madarasa hayakuongezeka sawa na watoto. Mwalimu mmoja, watoto wamebanana ku benchi mpaka chini, na mshahara wenye yeye pia anagomea kama sisi tunavyogomea wetu. Hawezi kuketi na mtoto mmoja mmoja kumsikiliza namna anakata neno. Na materneli haikuingia mu ile bure: mwenye hana feza, mtoto wake anafika mwaka wa kwanza bila kushika herufi hata moja, anakaa pamoja na mwenye amelipiwa miaka mitatu. Mbio moja, lakini mmoja ameanza mbele ya kilometa.

Hapa njo sendika inaingia. Wazee wetu wanakumbuka wakati wa Gécamines, na mbele yake Union Minière: kambi ilikuwa na masomo, posho ilitoka, mtoto wa mfanyakazi alikuwa na benchi yake. Sisemi ilikuwa paradizo. Ile ilikuwa baba mwenye anakulisha ili usiulize. Ilivunjika. Miaka ya 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10000 walitoka mu ile «départ volontaire», na tangu pale masomo ya mtoto ilihamia mu mfuko wa mzazi. Kompanyi za leo hazitarudisha kambi ya zamani. Lakini code ya madini iliyorekebishwa mwezi wa tatu 2018 inazilazimisha vitu viwili vyenye tunaweza kushika. Moja, kila mwenye mgodi anapashwa kusaini cahier des charges na wakaaji wa pale. Mbili, anapashwa kuweka angalau 0,3% ya mapato yake ya mauzo ku miradi ya maendeleo yao. Tena, ku kodi ile ya redevance, 15% ni ya komini, sekta ama chefferie ya mahali madini yanatoka.

Na ile feza inafanya nini ku upande wa masomo? Mara mingi, jengo. Jengo linapakwa rangi, linapigwa picha, kibao kinawekwa na jina la mwenye kutoa. Sikatai majengo, mvua ya mwezi wa kumi na mbili haina huruma. Lakini ndani ya jengo jipya mtoto wa miaka 5 bado anaandika «i» mara hamsini. Ukumbi mmoja wa kuchezea mu kila mtaa wa wachimbaji, na kivuli, na maji ya kunawa, na mbao za herufi za fundi wetu, na vitabu vidogo vya picha vya Kiswahili, na hadithi za Kalulu zenye bibi anakuja kusimulia, na mama wawili wenye wamefundishwa na wanalipwa kila mwezi, ni bei ya chini sana kuliko ukuta wa masomo sita. Serikali yenyewe ina jina la ile kitu, espace communautaire d'éveil, kwa watoto wa miaka 3 mpaka 5. Jina liko. Kwetu ukumbi wenyewe njo unakosekana.

Ninasisitiza ku «wanalipwa». Mara mingi mradi unakuja, mama wa mtaa wanaambiwa wajitolee, wanajitolea miezi minne, wanachoka, mlango unafungwa na vitu vya kuchezea vinaishia ku soko. Hatuwezi kuwa sendika yenye inapigania mshahara wa mwanaume ku mgodi na kuomba mwanamke afanye kazi bure ku ukumbi.

Cahier des charges inasainiwa kwa miaka mitano. Mtoto mwenye ana miaka 4 leo, kama ile neno haiingii mu karatasi safari hii, itarudi ku meza yeye akiwa na miaka 9, na pale tutakuwa tunamtafuta mtoni. Kwa hiyo, mu mitaa yenye mazungumzo iko karibu, ninawaomba madelege na wakubwa wa mitaa wasiende na maneno ya jumla kama «kusaidia elimu». Waende na mistari yenye inasomeka: ukumbi uko wapi, watoto wangapi, mama wangapi, mshahara wao unatoka ku kipande gani cha feza, nani anauangalia kila miezi mitatu. Na mbele ya kusaini, ile karatasi isomwe kwa sauti mu Kiswahili mbele ya wakaaji wote, na mama wenye watoto wadogo wakae mbele.